Mkopo Umfikie Kwanza Mwenye Lori Moja

Swali la wiki hii lilikuwa: ni nini kitakachozifanya nchi zinazoendelea zipokee kwa wingi malori yasiyotoa moshi? Jibu langu ni mkopo wa riba nafuu, tena umfikie kwanza mwenye lori moja au mawili, ambaye hubeba mizigo mingi na kukumbukwa mara chache.

Lori la umeme hudai fedha nyingi siku ya kununuliwa, kisha huzirudisha kidogo kidogo barabarani, kwa sababu mota yake hupoteza nishati kidogo kuliko injini ya dizeli, haihitaji kumwagwa oili, na likiteremka mlima breki zake huzalisha umeme unaorudi kwenye betri. Lakini riba ikiwa kubwa na muda wa kulipa mfupi, faida hiyo yote huishia benki. Benki nayo, kwa kuwa haijui lori hilo litauzwa kwa bei gani likichakaa, hudai dhamana ambayo mwenye lori kuukuu hana. Hapo ndipo serikali inapopaswa kuingia na kudhamini sehemu ya deni. Njia nyingine ni betri kukodishwa kando na lori, jambo linalowezekana China, ambako yapo malori yanayobadilishiwa betri kwa dakika chache.

Mkataba uliotangazwa mwaka 2021 mjini Glasgow, Uskoti, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ambao Chile na Uruguay zilikuwa miongoni mwa watiaji saini wa mwanzo, unalenga malori na mabasi yote mapya yanayouzwa yawe hayatoi moshi ifikapo 2040. Ni lengo jema, ila linahusu magari mapya, ilhali nchi nyingi maskini hununua yaliyokwisha kutumika kwingine. Ndiyo maana navutiwa zaidi na India, ambayo mwaka 2024 ilitenga rupia bilioni 5 kwa malori ya umeme na kutaka anayepewa ruzuku awe na hati ya lori kuukuu lililovunjwa. Kwa utaratibu huo, dizeli chakavu hutoka barabarani badala ya kuhamia kwa mnyonge mwingine.

Ningeanza na safari fupi zisizobadilika, kati ya bandari na maghala, ambako lori hulala yadi ileile kila usiku, na wenye malori machache wanaweza kuchangia chaja moja. Huko ndiko pia madereva na wapakuzi hushinda wakivuta moshi wa dizeli, ambao tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuthibitisha kuwa husababisha saratani.