Uji wa shule: debe moja kwa siku

SWALI: Tuko watano, wenye mashine za kusaga na wauza mahindi wa Uyole, Mbeya. Tunataka kuchangia uji wa saa nne kwa shule ya msingi ya mtaani kwetu, watoto 300. Kinamama wanne wamejitolea kupika. Tutoe kiasi gani?

JIBU: Hongereni. Mtoto mmoja mwekeeni gramu 60 za unga. Kwa watoto 300 ni kilo 18, yaani debe moja la mahindi kwa siku. Mwaka una siku 194 za masomo, hivyo andaeni magunia 35 ya kilo 100. Nunueni Julai na Agosti, mavuno yakiwa sokoni. Mkingoja Januari mtalipa zaidi, na mvua itakuwa imeanza kuyafikia ghalani.

Unyevu ndio adui wenu mkubwa. Mahindi mabichi huota ukungu, ukungu huleta sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Pimeni hivi kila gunia: chukueni chupa ya kioo kavu kabisa, tieni vijiko viwili vya chumvi kavu, kisha mahindi hadi theluthi ya chupa. Funikeni, tikiseni dakika moja au mbili, acheni itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka; yarudi juani, juu ya turubai. Ikidondoka yote chini, yapokeeni. Kabla ya kusaga, chambueni punje zilizooza au kubadilika rangi. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Sageni dona, maana kiini na pumba ndivyo vyenye lishe. Lakini mafuta ya kiini huufanya unga kuchacha haraka, kwa hiyo sageni wa wiki moja tu, kilo 90. Mwenye mashine akisaga wa muhula mzima kwa mkupuo, mwezi wa pili watoto watakuwa wanamwaga.

Kwa kilo 18 wekeni maji kama lita 100, katika sufuria mbili badala ya moja: sufuria kubwa mno huungua chini na haibebeki. Unga ukorogwe kwanza kwa maji ya baridi, usifanye madonge. Uyole iko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Uji ukishachemka uacheni nusu saa, mkiukoroga.

Mahindi kila mtu hujitolea. Sukari, kilo 3 kwa siku, na kuni ndivyo hukatika mapema, basi andikeni tangu mwanzo nani analipia nini. Pitisheni yote kwenye kamati ya shule, na daftari lionyeshe tarehe, kilo, aliyeleta na aliyepokea. Tunawasihi pia: mtoto ambaye mzazi wake hajachangia anywe sawa na wenzake.

SWALI: Mfanyabiashara wa Makambako ameipa shule yetu gunia la soya. Tuchanganye kwenye unga wa uji?

JIBU: Ndiyo, sehemu moja ya soya kwa nne za mahindi, ila isiwe mbichi. Soya mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini, na uji hunuka maharage mabichi. Itumbukizeni kwenye maji yanayochemka kwa nusu saa, muianike hadi ikauke kabisa, ndipo mwipeleke mashineni pamoja na mahindi. Mchanganyiko huo pia usageni wa wiki moja.