Kwa nyie mnaoanza kazi ya madai ya fidia ya chanjo Marekani

Ndugu zangu mnaoingia kwenye hii kazi, ninachowaomba msianze na hela, anzeni na tarehe. Sheria ya 1986 ya majeraha ya chanjo inampa mdai miaka 3 tu toka dalili ya kwanza, siyo toka siku daktari alipoupa ugonjwa jina, na hapo ndo watu wanapoumia, mtu anahangaika na bega anadhani litapoa lenyewe, anakuja ofisini muda umeshakata.

Mimi nilisaidia faili la mama mmoja, bega lilikakamaa baada ya kuchomwa chanjo ya mafua. Kwenye jedwali la majeraha, yaani orodha ya serikali ya majeraha na muda yanaotakiwa kuanza baada ya chanjo, bega linatakiwa lianze kuuma ndani ya masaa 48. Yeye anasema liliuma usiku uleule, ila kliniki aliyoenda miezi miwili baadae waliandika "maumivu ya wiki kadhaa" basi. Hayo maneno yalitutesa jamani! Kilichotuokoa ni meseji alizomtumia dada ake kesho yake asubuhi, analalamika hawezi kuvaa nguo. Kwahiyo ombeni rekodi zote mapema, someni kila mstari, na muulizeni mteja alimwambia nani na lini.

Sasa kumalizana. Anayedaiwa sio kampuni ya chanjo, ni waziri wa afya wa serikali kuu, mawakili wake wanatoka wizara ya sheria. Kesi nyingi zinazolipwa zinaisha kwa makubaliano, na hati yake inasema wazi serikali haikubali kwamba chanjo ndo imesababisha. Mwambieni mteja hili kabla ofa haijafika, tafadhali. Yule mama tulichelewa kumwambia, akaisoma hati akalia, maana alichokuwa anakisubiri muda wote ni mtu akiri.

Hela ya maumivu haivuki dola 250,000, matibabu na mshahara uliopotea vinahesabiwa pembeni. Wakili analipwa na mfuko wa serikali wa fidia ya chanjo, hata mkishindwa ilimradi dai lilikuwa la nia njema na lina msingi, hivyo hakuna kumkata mteja asilimia. Chanjo ya korona ina mpango wake mwingine, mwaka 1 toka siku ya kuchomwa, msichanganye.

Uamuzi wa mahakama ukitoka hesabuni siku 14, maana unawekwa hadharani na habari za hospitali za mteja zimo, kama kuna kitu mteja hataki kisomwe ombi la kukificha liingie kabla hizo siku hazijaisha.