Nilivyochujwa kwenye juri ya kesi ya kifo, Texas

Mkuu, umeandika kwamba hukumu ya kifo Marekani haina doa kwa sababu inaamuliwa na raia 12 wa kawaida, si jaji peke yake. Mimi niliwahi kuitwa niwe mmoja wa hao 12, yaani mwanajuri, ngoja nikusimulie.

Naishi Texas. Ukishapata uraia, barua ya juri inakufuata kama bili ya umeme. Nilidhani naenda kusikiliza kesi ya wizi wa gari. Tukapewa dodoso nene: dini yako, kama una ndugu aliyewahi kufungwa, na adhabu ya kifo unaionaje. Siku yangu ilipofika niliitwa peke yangu. Mshtakiwa alikuwa hatua chache tu kutoka nilipokaa, shati lake jeupe bado lina mikunjo ya pakiti.

Mwendesha mashtaka, dada mpole kweli, akaniuliza: ushahidi ukitosha, utaweza kujibu maswali ya mahakama ukijua majibu yako yatamuua huyu? Nikasema sidhani. Wakili wa utetezi akajaribu kuniokoa: lakini sheria si utaifuata? Nikababaika. Nikaambiwa asante, nikaenda kutafuta gari langu.

Mchujo huo ni halali kabisa. Mwaka 1968, kwenye kesi ya Witherspoon, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mtu asiondolewe kwa kuwa tu na mashaka na adhabu hii. Mwaka 1985, kesi ya Witt, wakalegeza kamba: inatosha jaji aone msimamo wako utakukwamisha kutimiza kazi ya mwanajuri. Anayetaka kila muuaji auawe naye huondolewa, sawa. Ila waliobaki baada ya mchujo ndio hao hao wanaoamua kwanza kama mtu ana hatia! Hapo ndipo paliponishinda.

Na si kama wazee wetu wa baraza, ambao jaji aliweza kuwasikiliza na bado akaamua lake. Texas wanaulizwa: ataendelea kuwa hatari kwa jamii? Kuna jambo la kumpunguzia adhabu? Wote wakijibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, jaji hana ujanja, ni kifo. Wasipoafikiana, ni kifungo cha maisha bila parole, yaani bila nafasi ya kuachiwa mapema kwa masharti. Lakini sheria inakataza kuwaambia wanajuri kwamba mmoja tu akigoma, mtu anapona. Hilo nililisoma usiku ule nyumbani, nimeshachujwa.