Sadfa, nasibu au "si bure"?

SWALI: Juzi nilikuwa kwenye daladala hapa Tanga namuwaza rafiki niliyesoma naye, hatujaonana miaka 11. Kugeuka, huyo kakaa kiti cha nyuma! Nyumbani nikasimulia kwamba ni sadfa. Bibi akanikatiza: "Sadfa gani? Si bure hiyo." Je, nikisema sadfa ninakuwa nimesema jambo halina maana yoyote?

JIBU: Kwanza nifikishie shikamoo kwa bibi. Hujasema hivyo, naye hajakosea Kiswahili.

Sadfa linatokana na Kiarabu, "sudfa", mzizi mmoja na kitenzi cha kumkuta mtu au kitu bila kutazamia. Kwetu linadai mambo mawili tu: matukio yawe zaidi ya moja, na asiwepo mtu aliyepanga yakutane. Aliyefaulu mtihani bila kufungua daftari hajafaulu kwa sadfa, huyo kapata bahati. Wewe kumuwaza na yeye kupanda gari lile lile, hiyo ni sadfa kamili. Kama nyuma yake kuna siri au hakuna, neno limenyamaza. Wala halidai tukio liwe adimu: watu wa hisabati watakuonyesha kwamba wakikusanyika watu 23 tu, uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa tarehe moja unapita nusu.

Kitenzi chake ndicho chenye vituko. Idi ikisadifu Jumapili, hakuna aliyezikutanisha. Lakini wanafunzi wa Kenya kila mwaka huombwa waonyeshe jinsi anwani ya riwaya "inavyosadifu" yaliyomo, na anwani hiyo mwandishi kaichagua kwa makusudi, pengine kwa kukosa usingizi. Kitenzi kimetoka kwenye kukutana kikahamia kwenye kuoana.

Bibi naye ana hoja, tena lugha inambeba. Nasibu asili yake ni fungu, sehemu mtu aliyogawiwa. Na penye fungu yupo mgawaji. Majaliwa halihitaji hata kuelezwa. Linalonishangaza zaidi ni ajali. Katika Kiarabu "ajal" ni muda uliowekwa, hasa ule wa mtu kufa. Leo basi likipinduka tunasema ajali, na askari wa barabarani anaandika mwendo kasi au breki. Maana ya zamani imebaki kwenye methali: "Ajali haina kinga." Isome tena ukikumbuka muda uliowekwa, utaona ina uzito mwingine kabisa.

Hiyo "si bure" ya bibi ndiyo ningeitumia kwa hadhari. Mara nyingi mwenzake ni "kuna mkono wa mtu", na ukishafika hapo umeanza kumtafuta mchawi. Kwa rafiki uliyemuwaza akatokea, waswahili tuna kauli ya heri: "Utaishi sana, sasa hivi nilikuwa nakuwaza!"

Katika kuandika, sadfa ni neno la ngeli ya I-ZI: sadfa hii, sadfa hizi. Sema "tulikutana kwa sadfa" au "ilisadifu kwamba tulipanda gari moja". "Sadfa isiyopangwa" nayo naiona sana magazetini. Hilo "isiyopangwa" lifute, limo ndani ya neno tayari.