Gesi kidogo hivyo inapashaje dunia nzima?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Tunaambiwa hewa ukaa ndo inapandisha joto la dunia, lakini gesi yenyewe haifiki hata asilimia 1 ya hewa tunayovuta. Halafu kama inazuia joto kutoka, mbona haizuii la jua kuingia?

JIBU: Nzuri kabisa, na umeuliza pale pale watu wengi wanapokwama. Nianze na la mwisho. Uso wa jua una joto la kama nyuzi 5,500 za Selsiasi, kitu cha moto hivyo kinatoa mwanga mwingi wa kuonekana, na mwanga huo unapita kwenye hewa ukaa bila shida. Ardhi ikishapashwa nayo inatoa mionzi, ila kwa vile haina moto kama wa jua inatoa infraredi, macho hayaioni lakini sogeza kiganja karibu na ukuta uliopigwa jua mchana kutwa, jioni utaisikia. Hiyo ndo hewa ukaa na mvuke wa maji vinaidaka na kuitoa upya pande zote, nyingine juu, nyingine inarudi chini kwetu.

Sasa uchache wake. Karibu asilimia 99 ya hewa kavu ni naitrojeni na oksijeni, na gesi hizo mbili zinaiacha infraredi ipite tu, kwa hiyo wingi wao hapa hausaidii kitu. Jua linatupa wastani wa wati 340 kwa kila mita ya mraba, kama 100 zinarudishwa na mawingu, barafu na mchanga, zinabaki 240 ambazo peke yake zingetuacha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Wastani wetu ni kama 15 juu ya sifuri! Tofauti yote hiyo ni kazi ya hizo gesi chache.

Ila gesi haitengenezi joto, hili naomba lieleweke. Ukiiongeza, infraredi inayotoka kwenda angani inapungua, kinachoingia kinazidi kinachotoka, basi dunia inapanda joto mpaka itoe mionzi ya kutosha hesabu ilingane tena, sema sasa inalingana kwenye joto la juu zaidi. Na sisi hatujaipa nafasi ya kulingana, kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni, leo imepita 420. Halafu kila nyuzi 1 ikiongezeka hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, na mvuke nao unadaka infraredi, yaani hiyo gesi kidogo inaamsha na nyingine kubwa kuliko yenyewe.