Babu wa Pedi anajibu: "Gemu ya kupumzikia imenirudisha kazini"

Shikamoo Babu. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja, na wengi hupiga wakiwa wameshakasirika. Mpwa wangu alinionea huruma, akaniwekea Stardew Valley, gemu ya kulima shamba, kwenye kompyuta, akaniapia kwamba inatuliza kuliko usingizi. Babu, nalala na kiwewe! Saa inakimbia, nguvu zinaniishia kabla sijamaliza kumwagilia, samaki wananiponyoka, na mara mbili nimezimia njiani saa nane usiku. Kila mtu anaisifu. Kasoro ni yangu? (Mpokea Simu)

Marahaba mjukuu wangu. Kasoro si yako. Mimi ni mhasibu mstaafu, na nilipowekewa gemu hiyohiyo, wiki haikuisha nikawa nimefungua daftari: mbegu safu hii, siku za kuiva safu ile. Stroberi siku 8, kisha huzaa tena kila baada ya siku 4. Mbegu zake huuzwa kwenye sikukuu ya mayai, tarehe 13 ya majira ya kuchipua, kwa hiyo ukizipanda siku ileile unavuna mara mbili kabla msimu haujakatika. Mke wangu akachungulia begani, akauliza, "Wewe si ulistaafu?"

Wanaoisifu hawasemi uongo. Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, picha yeye, muziki yeye, hadithi yeye, ikatoka 2016. Ni kazi ya mtu aliyependa anachofanya. Ila itazame saa yake. Kila dakika 10 za mle ndani ni kama sekunde 7 za kwetu. Unaamka saa kumi na mbili asubuhi, saa nane usiku unaanguka, na siku nzima imekula dakika 14 hivi. Msimu una siku 28, na zao la msimu uliopita hunyauka ukiingia msimu mpya. Kwa mtu aliyeshinda kazini akihesabiwa dakika, hiyo ni zamu ya pili, tofauti yake ni kwamba hii ina maua.

Dawa ninayo, lakini ni ya kupunguza tamaa. Ukizimia unapoteza fedha kidogo na kesho yake unaamka mchovu, basi, hakuna anayekufukuza. Yule babu wa mle ndani ya gemu, aliyekurithisha shamba, hurudi kulikagua mwanzoni mwa mwaka wa tatu, na asiporidhika unaweza kumwita aje akague tena. Nilipolijua hilo daftari nililifunga. Siku hizi mvua ikinyesha mle ndani, na mvua humwagilia yenyewe, mimi nashuka ufukweni kuokota kombe na shamba silitazami. Samaki nao wana njia: yule mvuvi wa dukani ufukweni ana fimbo ya kuvulia ya wanaojifunza. Haikupi samaki wa kujivunia, ila ule upau wa kijani wa kumfuatia samaki unarefuka na moyo unatulia.

Kama bado inakukaba, iache bila haya. Kabla ya kuanza gemu yoyote inayoitwa tulivu, mimi huuliza: nikiinuka sasa hivi nikalale, nimepoteza nini? Picha za sungura na vibanda vya mbao hazinihusu. Animal Crossing: New Horizons ya mwaka 2020, gemu ya kujenga makazi kisiwani, kwa mfano, ina mkopo wa nyumba usio na riba wala tarehe ya mwisho (katika miaka yangu yote ya vitabu vya hesabu sikuuona mkopo wa namna hiyo), lakini inafuata saa na kalenda ya dunia yetu. Ukipotea wiki kadhaa unakuta magugu yametanda na majirani wanakuuliza ulikuwa wapi. Wengine hufurahi kukumbukwa. Mimi nilijiona mkosaji.

Wewe nakupa mbili. Ya kwanza ni A Short Hike ya Adam Robinson-Yu, 2019. Wewe ni ndege mdogo, Claire, unasubiri simu muhimu mahali pasipo na mtandao, hivyo inabidi upande mlima hadi kileleni ukaupate. Najua, simu tena! Nisamehe. Ila hii ni moja tu, na haikuharakishi. Watu huimaliza kwa saa mbili au pungufu. Mimi ilinichukua jioni tatu kwa sababu nilikuwa nacheza mpira wa fimbo na watoto wa ufukweni, na nikifika juu ya jabali lolote lazima nijirushe nielee angani hadi chini, kisha nipande upya.

Ya pili ni Unpacking, iliyotoka Australia mwaka 2021. Kazi yako ni kufungua maboksi ya mtu aliyehamia nyumba mpya na kupanga vitu vyake: soksi kwenye droo, sufuria kabatini. Anahama mara nane, kuanzia 1997 hadi 2018. Humwoni sura wala husikii sauti yake, lakini baada ya kuvipanga vitabu vyake mara kadhaa unamjua kama binti yako. Kuna nyumba moja, ya 2010, utakayozunguka na cheti chake cha chuo mkononi ukitafuta pa kukitundika. Zunguka tu. Mimi nilipogundua kinapokwenda niliweka pedi ya kuchezea chini, nikanyamaza kidogo. Na kama kitu ukikiweka vibaya kinawaka wekundu na kukukera, ingia kwenye mipangilio, uruhusu chochote kikae popote.

Babu, mimi nina simu tu. Nikitafuta gemu tulivu za bure napata zenye matangazo kila dakika, halafu hata nikiwa nimelala zinaniandikia: "Mimea yako inakuhitaji!" Kuna njia? (Mwenye Simu)

Mimea hiyo haikuhitaji, kijana, anayekuhitaji ni mwenye duka. Gemu nyingi za bure hula kwa kukurudisha: nguvu zinaisha, unaambiwa usubiri au ulipe. Kama unaweza, lipa mara moja tu, upate iliyokamilika. Townscaper ya Oskar Stålberg haina lengo lolote. Unagusa bahari, nyumba inaibuka kwa mlio kama wa kitu kilichodumbukia majini. Gusa tena, inaota ghorofa. Zungushia nyumba pande zote na katikati panakuwa bustani, ingawa hukuomba bustani. Hakuna alama wala kushindwa. Mini Metro ni ya kuchora njia za treni, na kwa kawaida kituo kikifurika abiria mchezo umekwisha, kwa hiyo chagua ule mtindo usio na mwisho, uchore hadi usinzie. Na arifa za gemu, zote, zizime leo hii kabla hujafanya lingine.

Mume wangu ananicheka. Anasema gemu isiyo na adui si gemu. Nimjibuje? (Mke wa Komando)

Mwambie akutajie adui wa Tetris. Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984, na tangu siku hiyo watu wanapanga vipande vinavyoanguka bila kumpiga mtu risasi. Akikujibu kwamba adui ni lile pande refu lisilokuja unapolihitaji, hapo ana hoja, na hata mimi nitakuwa upande wake.