Mbwa wangu anawaitikia mbwa mwitu

SWALI: Habari za kazi mhariri, mi naishi kaskazini mwa Minnesota, Marekani, tuna mbwa wetu dume aina ya haski, sasa tangu baridi ianze wale mbwa mwitu (wolf) wakilia usiku huko msituni na yeye anaitikia, anakwaruza mlango mpaka rangi imebanduka. Nikimwachia ataenda kuishi nao kweli?

JIBU: Usithubutu ndugu yangu! Kundi la mbwa mwitu ni familia, baba, mama na watoto wao, mgeni akiingia eneo lao wanaweza kumuua, na huko Minnesota mbwa wa watu wanauawa hivyo hivyo. Saa hizi ndo wamekaribia msimu wa kupandana, Januari hadi Machi, ukali unazidi. Kuzaa pamoja wanaweza, hata milima ya Bale kule Ethiopia mbwa wa wafugaji wamezaa na mbwa mwitu wa huko, ila mbwa haohao wa wafugaji ndo waliowapelekea kichaa cha mbwa kikaua mbwa mwitu wengi mwaka 1991 na 2003. Halafu wako kazoea bakuli, kulungu atamwangushaje? Mpeleke akahasiwe, achanjwe, usiku alale ndani. Akiitikia mwache aitikie tu, haski ndo walivyo, pole kwa majirani.